Gunia la Ottilie

Kinu cha Keturah Teague kilikuwa na sheria moja tu: kila mtu na zamu yake. Ukilazimika kuondoka, unaacha gunia kwenye mstari, linakushikia nafasi. Watu wote wa mto Gasconade waliijua sheria hiyo, hata Rufus Harkrider, ambaye asubuhi ile alifika na magari mawili ya farasi yenye ngano, akalipiga teke gunia la mjane Ottilie Haupt.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kunyonyesha." Keturah akalirudisha gunia mahali pake. "Wewe wa pili. Shusha magunia yako uyapange."

"Nipange nini? Nyuma ya mahindi ya ombaomba?" Harkrider akacheka. Gati la mtoni lilikuwa lake, na maili nzima ya mto haikuwa na pengine penye kina cha kuitosha mwaka mzima meli ya mvuke ya Kapteni Absalom Teague, mume wa Keturah. "Nisagie kwanza, ama mumeo afungue kamba zake leo hii."

Keturah akapiga hesabu. Meli ndiyo iliyojenga kinu, ndiyo iliyosomesha mabinti zao wawili. Na honi ya Absalom ilishalia kwenye kona ya mto.

Kapteni akaja, akaelezwa. Akamvuta mkewe nyuma ya pipa la pumba.

"Keti, gunia moja tu. Ottilie hata hatajua."

"Mimi nitajua."

"Miaka kumi na mmoja nafunga kamba pale, mama!"

"Na mimi miaka kumi na mmoja nawaambia watu wangoje. Mchungaji kangoja. Mama yako mzazi kangoja!"

Absalom akajikuna ndevu. Kwa kungojeshwa kule, mama yake alinuna mpaka Krismasi.

"Melini we ndiye kapteni," Keturah akasema, "na usukani wako sijawahi kuugusa. Hapa maji ni yangu."

Akaenda akafungua mlango wa maji. Mawe yakaanza kunguruma. Akamimina mahindi ya Ottilie taratibu, makusudi kabisa, huku Harkrider amesimama mlangoni anatukana.

Alipogeuka, Absalom hayupo. Dirishani akamwona kule gatini, anafungua kamba za meli. Basi, kanikasirikia, anaondoka zake, akawaza. Lakini meli haikushuka na mto. Ilipanda polepole, tumbo linakwaruza mawe, ikaja ikafungwa kwenye mti mkubwa pembeni mwa kinu.

Absalom akaingia, suruali imelowa hadi magotini.

"Kamba nimefungua mwenyewe, Bwana Harkrider, usije ukajisifu. Hapa maji yatanitosha mpaka Julai. Baada ya hapo nitajua la kufanya." Akalitupa begani gunia la unga wa Ottilie, bado wa moto. "Huu nampelekea mama wa watu."

"Basi sasa zamu yangu!" Harkrider akafoka, akiwaita vijana wake washushe ngano.

Keturah akautazama mstari. Harkrider alipokuwa akitukana, wakulima wawili walikuwa wamefika, wakashusha magunia yao, wakayapanga kimya kimya. Ngano ya Harkrider ilikuwa bado garini.

"Zamu yako gani?" Keturah akasema. "Wewe wa tatu."