Nauli ya Shamsia

Felistas, aliyewapikia wachimbaji wa dhahabu karibu na Gorong'a, alimaliza akiba yake kwa tiketi mbili za ndege, alizozinunua kwa shirika lenyewe, ili ampeleke mama yake mgonjwa Dar.

Kesho yake Shamsia, wakala wa tiketi mjini Tarime, alipoziona tiketi hizo alimwambia, "Kwangu nauli ya ndege hiyohiyo ni ndogo. Lakini usinunue tena. Shirika la ndege linarudisha tofauti ukiwaonyesha bei ya chini."

Akamwandikia dai mwenyewe, akaambatanisha bei yake. Siku ya tatu pesa ziliingia, zikatosha kulipia chumba karibu na hospitali.

"Dada, wewe umepata nini?" Felistas alimuuliza.

"Mama yangu aliugua, nikampeleka Dar kwa basi," Shamsia alijibu. "Aliteseka sana njiani."

Felistas alimshika mikono yote miwili.