Vidole Viwili vya Chaki

Nilikubali kuwa mlezi wa biashara kwa sababu ya picha. Nasema mapema ili usije ukanipa sifa nisizostahili.

Mratibu wa mradi alifika kwenye karakana yangu ya ushonaji siku ya jua kali, viatu vimejaa vumbi, faili kalibana kwapani. Walikuwa wanatafuta wanawake wenye biashara zilizosimama, wawashike mkono mabinti wanaotaka kuanzisha zao. Alikuwa amezunguka mtaa mzima bila kupata mtu. Mwenye duka la vipodozi alimwambia hana muda. Mwenye mgahawa alimwuliza kama kuna posho. Mwenye saluni, ambaye angalau ni mkweli, alimwambia hawezi kumfundisha msichana leo halafu kesho akamfungulia saluni mlango wa pili.

"Na mimi nitapata nini?" nikamwuliza.

"Baraka, mama," alisema. Akaniangalia usoni, akaongeza haraka haraka: "Na picha yako tutaitundika kwenye ukumbi wetu. Kubwa, ndani ya fremu."

Hapo akanipata. Kesho yake nilienda kusukwa nywele, nikapigwa picha nimesimama na mkasi mkubwa, futi ya kamba shingoni kama kawaida yangu. Kwa sababu ya futi hiyo mtaa mzima wananiita Mama Futi.

Binti niliyepewa sikuhitaji kumtafuta mbali. Alikuwa binti wa fundi viatu, yule anayekaa na sanduku lake la gundi na misumari mbele ya duka linalotazamana na karakana yangu. Nilimjua tangu anatambaa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili na cherehani moja ya miguu sebuleni kwao, na alitaka kushona sare za kazi: makoti ya wahudumu, aproni, ovaroli. Harusi hazitaki, alisema, kwa sababu bibi harusi huvaa mara moja tu lakini mfagiaji anavaa sare kila siku na inachakaa. Nilicheka, lakini moyoni nilijua huyu ana akili.

Tulikubaliana awe anakuja kila Jumatano asubuhi. Alikuwa na kiti chake karibu na meza ya kukatia, na daftari la jalada gumu. Kila nililosema aliliandika. Nami, uongo wa nini, nilivimba kichwa. Nilimweleza jinsi ya kumpokea mteja msumbufu, kitambaa gani hutoka rangi, namna ya kukataa kazi bila kumuudhi mtu. Nilipiga soga mpaka mate yakanikauka. Wafanyakazi wangu wakawa wananicheka pembeni: siku hizi mama ana mwandishi wake.

Lakini kuna jambo sikumwambia, na ni jambo dogo sana kwa macho.

Miaka mingi iliyopita mfanyakazi wangu mmoja alinakili patani zangu zote, zile karatasi za kaki tunazolaza juu ya kitambaa kabla ya kukata, akaondoka nazo pamoja na wateja wangu. Nilichora upya. Safari hii nilizichora bila nafasi ya mshono kwenye mbavu na mikono. Ukikata kufuata karatasi, unapata vipande vizuri kabisa ambavyo vikiunganishwa havimtoshi mtu. Unatakiwa kulaza vidole viwili pembeni ya karatasi, upige chaki nje yake, ndipo ukate. Wasichana wangu wote wanajua, lakini haijaandikwa popote. Mwizi akibeba karatasi, anakuwa amebeba nusu ya kazi. Nilikuwa najipongeza kwa ujanja huo.

Jumatano ya tisa binti alikuja mbio, hata salamu alisahau.

"Mama, nimepata! Makoti thelathini ya wahudumu wa hospitali! Wenyewe wamenipa kitambaa, cheupe, kizuri. Wanataka ndani ya wiki tatu, na nikifanya vizuri watanipa kazi yao yote ya mwaka."

Hospitali hiyo nilikuwa naishonea mimi. Miaka sita nilishona makoti yale, kisha nikaanza kuchelewesha, mara umeme, mara msiba, mara nimejisahau tu, mpaka mtunza ghala wao akaacha kunipigia simu. Nilikuwa nawaambia watu kwamba nimewaacha mimi. Na sasa huyu mtoto wa juzi, mwenye cherehani moja, ananiambia habari hiyo macho yakimng'aa, akitegemea nifurahi.

"Hongera," nilisema.

"Ila koti la namna ile sijawahi kulikata. Naomba uniazime patani zako, mama. Nitakurudishia, hata mkunjo hutauona."

Nikampa. Nilizitoa mwenyewe kwenye msumari, nikamkunjia. Dada wa vifungo, mfanyakazi wangu wa siku nyingi zaidi, aliinua kichwa na kunitazama, akingoja niseme kile tunachokisema siku zote. Binti naye, kwa vile ana akili, aliuliza. Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo, kwamba aliuliza.

"Mama, hizi zina nafasi ya mshono tayari?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nakumbuka niliinama nikapuliza chai ambayo ilishapoa.

"Kila kitu kimo humo," nikasema.

Akaandika kwenye daftari, akaenda zake.

"Mama, hukumwambia," dada wa vifungo alisema.

"Ana mdomo, atauliza."

"Ameuliza."

Nilimwambia ashike kazi yake. Niliendelea kujidanganya kwamba fundi yeyote mwenye macho atapima karatasi kabla ya kukata, na asipopima shauri yake. Roho mbaya haikosi sababu, na zangu zilikuwa nyingi. Ningeweza kuvuka barabara wakati wowote na kumwambia. Ni hatua ishirini, nimezihesabu. Sikuvuka.

Binti alilaza kitambaa chote tabaka kwa tabaka, kama nilivyomfundisha mwenyewe, akakata makoti yote thelathini kwa mpigo.

Jumatano iliyofuata aliingia na koti moja mkononi. Hakukaa kwenye kiti chake. Alimvalisha dada wa vifungo, ambaye si mnene, na vifungo havikukutana na matundu yake. Kwapani palimkaba mpaka akashindwa kuinua mkono. Niliutazama ushonaji. Mishono ilikuwa imenyooka, kola imelala vizuri, matundu ya vifungo safi kuliko yangu. Hakukuwa na kosa lolote la mikono yake.

"Nimekuaibisha, mama," alisema. "Umenipa patani yako mwenyewe na bado nimeharibu. Sijui nimekosea wapi. Nimerudia kupima na bado sioni."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake nilivua koti lile mwilini mwa dada wa vifungo, nikaligeuzageuza kwa mbwembwe kama mtaalamu, nikamwambia:

"Mkono wako bado mzito kwenye mkasi. Hukutakiwa kukimbilia kazi kubwa."

Akaitikia kwa kichwa. Akaliandika na hilo. Nilimwona akiandika, nikaona aibu, nami nikaimeza na chai.

Siku mbili baadaye mtunza ghala wa hospitali alinipigia simu. Binti alikuwa amemweleza ukweli kama anavyoujua, kwamba amekosea. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na mbili, na mtunza ghala hakuamini kama ataweza kurekebisha. Je, mimi ningekuwa tayari kuichukua tena kazi? Nilimjibu kwamba nitafikiria. Miezi yote ile niliitamani simu hiyo, na ilipokuja ilinichoma mkononi.

Mchana wake fundi viatu alivuka barabara, ameshika viatu vyangu nilivyompelekea kushonwa soli. Nikafungua pochi, akakataa.

"Hapana, jirani. Wewe umembeba binti yangu. Amesema ataacha huu mradi, atatafuta kazi ya dukani, lakini usidhani hana shukrani. Kila siku ni Mama Futi kasema hivi, Mama Futi kasema vile. Hata hili la makoti anasema ungekuwa mtu mwingine ungemfukuza."

Alinipa viatu mkononi. Vilikuwa vimepakwa rangi pia, kazi ambayo sikumwomba. Nilishindwa kumtazama. Nilisema asante, na nilipovivaa nilihisi vinanibana, ingawa vilinitosha vizuri tu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kukutana walezi na mabinti. Ukumbi ni chumba kirefu juu ya duka la vioo, na ukiingia tu unakutana na mimi ukutani: nywele zimesukwa, mkasi, futi, tabasamu hadi jino la mwisho. Natamani ungeniona nilivyopita pale nimeinamisha kichwa.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, walezi upande mmoja, mabinti upande wa pili. Mratibu alisema mwanzoni kwamba walezi bado hawatoshi, mabinti kumi na nne wanasubiri, na kwamba angefurahi kama sisi tulioanza tungewashawishi wenzetu. Kisha mabinti wakaanza kusimama mmoja mmoja na kueleza walipofikia.

Wa kwangu alisimama na patani zangu mkononi, zimekunjwa vilevile nilivyozikunja.

"Mimi naacha," alisema. "Nilipata kazi kubwa nikaiharibu. Nataka niseme tu kwamba mlezi wangu hana kosa. Alinipa kila kitu. Ni mimi sijui kukata." Akanigeukia. "Mama, patani zako hizi hapa. Asante kwa yote."

Watu wakapiga makofi, yale makofi ya pole. Mratibu alinitazama kwa huruma, akidhani machozi yangu ni ya uchungu wa mlezi mwema. Mkono wa binti ulikuwa umenyooshwa, na nikaelewa kwamba nikizipokea nikanyamaza, atakwenda kuuza dukani maisha yake yote akiamini mikono yake ni mibovu.

Nilisimama.

"Usinishukuru," nilisema. "Karatasi hizo hazina nafasi ya mshono. Mbavu na mikono, pote. Huwa tunaongeza vidole viwili kwa chaki. Wasichana wangu wote wanajua. Uliniuliza, nikakudanganya. Hospitali ile ilikuwa yangu, nikaona kijicho. Na ulipokuja na lile koti nilijua, nikakwambia mkono wako mzito."

Kuna mlezi mmoja alisema "He!" halafu akajifunika mdomo. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini tulikuwa ghorofani, ningeangukia tu kwenye vioo. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza kusimama tena.

"Makoti hayajafa. Fumua mbavu, ingiza ukanda kuanzia mwisho wa mkono, upite kwapani, ushuke hadi chini. Tumia rangi nyingine, uonekane ni mtindo. Kijani cha milango yao ya wodi. Hili ningeweza kukwambia siku ileile. Kitambaa cha ukanda nitatoa mimi, na wasichana wangu watakuja kukusaidia wote. Mtunza ghala nitampigia sasa hivi, nimwambie kosa ni langu."

Nilidhani atalia, au atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeona hata afadhali. Hakufanya hivyo. Aliweka patani juu ya kiti, akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa chache. Toka niliposimama niliweza kuisoma ile sentensi yangu kwa mwandiko wake mzuri: kila kitu kimo humo. Akaikata kwa mstari mmoja, akauliza bila kuinua macho:

"Vidole viwili vyako ni sentimita ngapi?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kuvipima. Nilivua futi shingoni mbele ya wote, nikalaza vidole juu yake. Nikavipima mara ya pili.

"Tatu," nikasema.

Akaandika tatu. Akafunga daftari.

"Kitambaa nitapokea," alisema. "Wasichana wako sihitaji. Na Jumatano sitakuja tena."

Hakunitukana hata kidogo. Aliniaga kwa heshima, kama unavyomuaga mtu wa ofisini. Baba yake hajawahi kunisema kitu, ila siku hizi nikimpelekea kiatu anataja bei kwanza.

Makoti aliyapeleka siku moja kabla ya muda. Mwezi uliopita nilipeleka mjukuu hospitali kuchomwa sindano, nikakaa kwenye benchi ya korido. Wahudumu walikuwa wanapita na vitoroli na ndoo, wote kwenye makoti meupe, na muuguzi aliyekaa karibu nami akamwambia mwenzake kwamba sare hizi mpya za ukanda zimependeza, nani alizibuni? Kila mhudumu alipoinua mkono kufungua mlango niliuona ukanda wa kijani kutoka kiunoni mpaka kwenye kiganja. Upana wake ni vidole vinne: viwili vya kipande cha mbele, viwili vya kipande cha nyuma. Mjukuu aliniuliza kwa nini nimefumba macho.

Picha yangu bado ipo ukutani kule ukumbini. Nilimwomba mratibu aishushe. Akaniambia kwa upole kwamba ataishusha akishapata mlezi wa kuweka mahali pangu.