Majivu ya Uwele

Tangu biashara ifunguliwe, kila gari lililofika kijijini Haneti lilikuwa na kitu cha kuchukua. Walikuja wanunuzi wa ngozi, wakaja wa alizeti, wakaja wa mawe. Sasa amekuja binti wa chuo kutoka Dar es Salaam, Anyitike, anataka majivu ya makapi ya uwele. Makapi, ambayo hata kuku huyakwepa.

Matonya, mkulima wa uwele, hakupenda. Baada ya miaka ya njaa ghala lake lilikuwa limejaa, na kwa mila yao majivu ya makapi ya uwanja wa kupuria hayatoki kwenye kaya. Yakitoka, baraka ya mavuno huyafuata.

"Ya nini?"

"Ya betri za simu, baba. Majivu hayo yana silikoni. Inashika umeme mwingi kuliko grafiti, ile kaboni wanayotumia sasa, ila ukichaji inavimba, inapasuka, betri inakufa mapema. Sisi tunaisaga mpaka chembe hazionekani kwa macho, tunazichanganya na kaboni, zivimbe bila kupasuka. Betri idumu."

Matonya aliitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya zizi, akamjazia mfuko majivu ya mavi ya ng'ombe.

Mwezi haukuisha, binti akarudi.

"Shikamoo baba. Tumeyapima. Yale hayakuwa ya uwele, ni ya mavi ya ng'ombe. Nisipopata ya kweli, kazi yangu ya chuo imekwisha."

Matonya alimvuta dada yake Yudith kando. "Umesikia? Hakuna aliyeniona. Huyu mchawi."

"Mchawi gani anabeba mavi mpaka Dar es Salaam ndipo ajue ni mavi?" Yudith alisema. "Angekucheka hapahapa."

Matonya aliudhika zaidi. Alichota uwele ghalani, akamnyooshea binti kiganja. "Tafuna."

"Mbichi?"

"Mbichi. Mwizi wa baraka uwele humkaba."

Anyitike alitafuna. Matonya akainama kumtazama mdomoni.

"Kaka, unanunua punda?" Yudith aliuliza.

Binti alimeza bila kukabwa, akaomba maji. Matonya aliyachoma makapi mwenyewe juu ya bati, yakapoa, akajaza nusu mfuko.

"Mvua za kupanda zikikuta ghala langu bado lina kitu, njoo uchukue nusu nyingine."

Gari lilipoondoka alikwenda ghalani, akazamisha mkono hadi kiwiko. Uwele ulikuwepo. Akauacha mkono humo kitambo, akisikilizia kama uwele unapungua.