Mpira Uliorudi Umelowa

Jumamosi ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, timu ya mpira wa pete kutoka Ziwani ilishuka kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, pale Kitaya. Walikuwa wasichana tisa na mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Filipo, na walibeba dumu la maji, sufuria ya mihogo ya kuchemsha na mpira mmoja mweupe wenye kiraka cha tyubu ya baiskeli. Kiraka hicho alikibandika Husna, nahodha wao, kwa mkono wake.

Uwanja wa Kitaya uko juu ya ukingo wa Ruvuma. Upande mmoja kuna nyumba, upande wa pili ardhi inateremka mpaka majini, na ng'ambo ni Msumbiji. Wenyeji walikuwa hawajakusanyika, hivyo wasichana wakaanza kurushiana mpira ili wapashe misuli moto.

Timu hii ilikuwa na sheria yake. Uwanja wa shuleni kwao umezungukwa na mikorosho, na mikorosho ina majimoto, wale sisimizi wekundu wakali. Kila mpira ulipoingia mikoroshoni palizuka ugomvi wa nani aufuate. Husna alipokuwa nahodha aliumaliza ugomvi huo siku moja: aliyegusa mwisho ndiye anayefuata. Yeye mwenyewe alishaumwa mpaka kwenye kope, akarudi anacheka, mpira kwapani.

Asubuhi hiyo Husna alirusha mpira juu, Rebeka akaruka kuudaka. Rebeka alikuwa mchezaji wa kati, binti wa Mwalimu Elisha, aliyehamishiwa Ziwani kutoka Njombe. Alikuwa amevaa raba mpya nyeupe zilizofika Alhamisi kwa basi la Dar. Mpira uligusa ncha za vidole vyake viwili, ukapinda kidogo, ukateremka ukingoni mpaka majini.

"Wako huo, Rebeka," alisema Hawa, mlinzi wa goli, msichana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Ila hizo raba zikilowa, Njombe nzima itakaa matanga."

Wengine wakacheka. Rebeka akaziangalia raba zake, kisha akaliangalia tope la ukingoni.

"Mimi sijaugusa," alisema. "Umenipita juu."

Husna alimtazama vidole. Halafu akamtazama miguu. Yeye mwenyewe alikuwa peku, kama alivyocheza siku zote.

"Haya," alisema. "Wangu."

Akashuka. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni. Aliushika mpira, akauinua juu ili wauone, na baada ya hapo palikuwa na maji tu. Hakupiga kelele. Wanaume wa Kitaya walitafuta kwa mitumbwi siku tatu. Siku ya nne mmoja wao, aliyewajua mamba wa sehemu ile, alikwenda Ziwani kumwambia Bi Fatuma, mama yake Husna, kwamba asingoje tena. Wakamswalia bila jeneza.

Taarifa ya shule iliandikwa na Mwalimu Elisha, kwa kuwa ndiye makamu mkuu na alikuwa na mwandiko mzuri. Aliwauliza wachezaji mmoja mmoja, akaanza na binti yake. Taarifa ilisema marehemu aliingia mtoni kwa hiari yake kuufuata mpira alioutoa mwenyewe, kwa mujibu wa utaratibu wa timu. Ikapigwa muhuri. Nakala moja ilipelekwa wilayani, nyingine alipewa Bi Fatuma.

Siku ya arobaini Rebeka aliosha masahani nyumbani kwa Bi Fatuma tangu mchana mpaka yakaisha. Alikuwa amejiambia kwamba sahani ya mwisho ikikauka atasema. Ilikauka, akaomba nyingine.

Wiki iliyofuata timu ilirudi uwanjani na mpira mpya. Dakika ya tano Hawa akautoa nje, ukaingia mikoroshoni. Hajaanza hata kulalamika, mpira ukarudi peke yake. Ulibingirika polepole kutoka chini ya miti, ukavuka mstari, ukasimama miguuni kwake. Ulikuwa umelowa chapachapa na umeshika mchanga wa mtoni, ingawa Ziwani mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei.

"Ahsante, nahodha," alisema Hawa, akaufuta kwa kanga.

Ikawa hivyo kila mechi. Mpira ukitoka, unarudi umelowa, unasimama kwa aliyeugusa mwisho. Majimoto hawakumuuma mtu tena. Walipocheza mjini, kwenye uwanja ulio karibu na bandari, mwalimu wa timu pinzani alilalamika kwamba maji ya chumvi yatamharibia mpira. Mwamuzi alilowesha kidole, akaonja, akatangaza kwamba maji ni ya mto, mechi ikaendelea. Waamuzi waliupenda utaratibu huo kwa sababu mpira haukukosea hata mara moja. Wawili kati yao waliacha kabisa kuangalia mstari. Kutoka wilayani ikaja barua fupi ikizitaka timu zote zinazocheza na Ziwani zije na taulo.

Ni Rebeka peke yake ambaye mpira haukuwahi kumsimamia miguuni. Alikaa katikati ya uwanja, na mpira ulipokaribia mstari aliirudisha mikono kifuani. Mwalimu Filipo aliwaambia wasichana wa kidato cha kwanza wamwangalie Rebeka, mchezaji mwenye mikono safi. Rebeka aliposikia hivyo alikwenda bombani akanawa.

Septemba iliyofuata ratiba ikawapeleka tena Kitaya. Rebeka alisema ana homa.

"Nahodha hana homa," alisema Mwalimu Filipo, maana unahodha wa Husna alikuwa amepewa Rebeka. "Panda gari."

Kipindi cha pili, mabao kumi na nne kwa kumi na nne, Hawa akiwa ameshika mpira mikononi, mpira mwingine ulipanda kutoka ukingoni. Ulikuwa mweupe wa kuchakaa, wenye kiraka cha tyubu ya baiskeli. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira ulipita katikati ya wachezaji bila haraka, ukamzunguka Hawa, ukaenda kusimama kwenye raba ya kulia ya Rebeka. Raba zilikuwa zilezile. Zilikuwa zimetoboka, na maji ya mpira yakaingia kwenye tundu la kidole gumba.

Mwamuzi alinyoosha mkono. "Umetoka kwa Ziwani. Warushe Kitaya."

"Kumbe," alisema Hawa.

Halafu akarudi kwenye nafasi yake. Kitaya wakarusha, na Ziwani wakafungwa kwa bao moja. Wakati wa kurudi, wasichana walibanana kwenye kirikuu wakapiga soga kama kawaida, ila Rebeka aliachiwa nafasi ya watu wawili, yeye na mpira.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, Rebeka alikwenda kwa Bi Fatuma akiwa na nguo zake za ibada na raba zilezile, mpira kwapani. Bi Fatuma alikuwa anageuza makopa ya muhogo kwenye jamvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeuleta mpira wa mwenzio."

"Niliugusa mimi, mama. Nikasema sijaugusa."

Bi Fatuma aligeuza mstari mzima wa makopa, moja moja.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na raba mpya."

"Hizo?"

"Hizi, mama."

Bi Fatuma alizitazama kwa muda, kama mtu anayetazama kitu ambacho bei yake ameshaambiwa. Aliupokea mpira, akaufuta kwa upindo wa kanga, akauweka juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Hapa mtaani wananiambia Husna alijitakia," alisema. "Karatasi imesema hivyo, wamenisomea. Mpira wake, makosa yake. Mimi sitaki machozi, mwanangu. Nenda kaniletee karatasi nyingine."

Mwalimu Elisha alikuwa anasahihisha madaftari sebuleni. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, akafunika kalamu.

"Ile ina muhuri," alisema. "Iko wilayani. Ukiifungua, wataanza na wewe, waje kwangu, waende kwa Filipo, waulize kwa nini watoto walirushiana mpira ukingoni pa mto."

"Si waulize tu, baba?"

"Una mtihani Novemba, mama." Akafungua kalamu. "Halafu shahidi wako ni nani? Mpira haujazi fomu."

Hakusema kwa ukali. Alimsogezea kiti akae, amkumbushe hesabu.

Basi Rebeka akaandika mwenyewe, kwenye karatasi mbili za daftari. Aliandika vidole viwili, raba, neno alilosema yeye na neno alilosema Husna. Akaweka sahihi. Hawa naye akaweka sahihi chini yake bila kuombwa, akasema mwandiko wa Rebeka ni mbaya kuliko wa baba yake. Walipeleka pamoja. Bi Fatuma alimwita jirani, akasomewa mara mbili, kisha akazishika karatasi, akazigeuza nyuma na mbele.

"Muhuri uko wapi?"

"Haupo, mama."

Bi Fatuma akazikunja, akaziweka kwenye mfuko mmoja na ile ya kwanza.

Rebeka alifanya mtihani akafaulu. Hachezi tena, ila kila Jumamosi huwa uwanjani kabla timu haijafika. Wilayani taarifa ni ile ile. Mpira ukitoka, wachezaji husimama wakangoja, na ukisharudi na kusimama kwa aliyeugusa mwisho, Rebeka ndiye anayeingia na taulo kuufuta.