Chakula cha Wakaguzi Kiko Ghorofani

Katika shule ile, siku ya ukaguzi wa matetemeko iliitwa Siku ya Kuruka, na watoto waliipenda kuliko siku ya kufunga shule.

Mambo yalikuwa hivi. Idara ya Usalama wa Majengo ya Shule ilikuwa na kanuni moja iliyonyooka kama rula: mtumishi wa Idara asikanyage ndani ya jengo ambalo usalama wake haujathibitishwa. Kanuni nzuri, nani atabisha? Tabu ni kwamba usalama hauwezi kuthibitishwa mpaka mtu aingie. Hapo wakubwa wakakuna vichwa mpaka upara ukaota, ndipo wakapata jawabu: waingie watoto. Watoto si watumishi wa Idara.

Basi kila mwaka gari la Idara lilisimama getini, mkaguzi akashuka na kofia yake ngumu kichwani, akanyanyua darubini. Ng'ambo ya uwanja, kwenye jengo refu la ghorofa, darasa la sita walijipanga juu, darasa la tano chini. Mwalimu Mkuu akapaza sauti, "Moja, mbili, tatu... ruka!" Watoto wakaruka kwa mpigo mmoja, vumbi likatoka madirishani kama godoro linalochapwa fimbo. Mkaguzi akahesabu kuta, akazikuta zote bado zipo, akashusha darubini. Salama. Kisha wageni wakaenda kula kwenye banda la mabati nyuma ya ofisi, mahali ambapo kitu kizito kuliko vyote juu ya vichwa vyao kilikuwa buibui.

Si kwamba Idara haikuwa na vifaa. Iliwahi kununua mashine ya kupimia mtikisiko, ikaja ndani ya sanduku kubwa kama kibanda cha mlinzi. Lakini juu ya sanduku palikuwa pameandikwa isitikiswe, wakaogopa kuihamisha. Mpaka leo iko ofisini kwa Mkurugenzi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa chombo cha maua.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama wa makamo ambaye watoto walimwita Bi Kengele. Siku moja kengele ya shule ilipasuka, akaita mapumziko kwa mdomo wake mwenyewe, na inasemekana wafungwa wa gereza lililoko ng'ambo ya mto nao wakatoka kwenda kula. Mkaguzi alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na mtaa mzima ulimwita Darubini. Wawili hao walitaniana miaka yote kama ilivyo kawaida ya mashemeji. Utani ulianza kuchacha mwaka ule ardhi ilipotikisika.

Haikutikisika sana. Vikombe vilicheza kabatini, mbwa wakabweka, ikapita. Lakini jengo refu lilipasuka kuanzia ngazini hadi paani. Ufa ule ulikuwa na heshima zake: mjusi aliyekuwa mpangaji wa darasa la tano alihamia darasa la sita bila kupanda ngazi, na mvivu mmoja wa dawati la nyuma alikuwa akinong'onezewa majibu ya hesabu kutoka chini. Watoto walicheka. Bi Kengele naye alikuwa anacheka, mpaka alipotia mkono ndani ya ufa. Mkono ukazama hadi kiwiko. Vidole vikagusa nondo, na nondo ikamomonyoka kama biskuti iliyoloweshwa chai. Alipoutoa mkono, kiganja kilikuwa chekundu kwa kutu, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

Jumapili, Darubini na mkewe walikuja kwake kula kama walivyozoea.

"Shemeji, lifunge lile jengo," Bi Kengele alimwambia kabla hata hajanawa. "Neno lako moja linatosha."

"Nikilifunga, watoto utawaweka wapi? Kichwani kwako?"

"Uwanjani. Chini ya turubai. Popote pasipo na zege juu."

"Turubai si bure, shemeji." Darubini alinyofoa paja la kuku. "Na wewe kustaafu kwako kumekaribia. Unataka yakupate yale ya yule mwenzako aliyefunga darasa bila ruhusa yetu? Ulimsikia alikopelekwa? Huko hata redio inafika imechoka."

"Ufa umeuona?"

"Nimeuona."

"Umeuona kwa darubini."

"Darubini nzuri ile. Ya kijeshi."

"Na wanao mbona hawasomi pale?"

Mdogo wake akakohoa, akainamia sahani. Yule alikuwa mtu wa kukohoa. Tangu aolewe, maoni yake yote yalipitia kifuani. Watoto wa Darubini walisoma shule ya kulipia yenye madarasa ya chini tu, shule ambayo hata choo chake hakina ngazi.

"Hilo ni suala la usafiri," alisema Darubini, huku mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Sikiliza. Ijumaa Mkurugenzi anakuja mwenyewe. Waambie watoto waruke kwa moyo. Mwaka jana waliruka kivivu, nikaona aibu."

Bi Kengele aliutazama mdomo ule ukimeremeta, ukitafuna na kuamuru kwa wakati mmoja, na kinyaa kikampanda kooni kama mtu aliyekwisha kunywa maji ndipo akaambiwa kisimani mna chura aliyeoza. Alikwenda jikoni, akanawa mikono, akarudia kunawa.

Ijumaa ilipofika wazazi walijaa uwanjani, maana Siku ya Kuruka ilikuwa na watazamaji wake kama mechi. Wakashangaa kuona darasa la tano na la sita wameketi chini, katikati ya uwanja, mbali na kuta. Wakashangaa zaidi kumwona Bi Kengele akipandisha masufuria kwenye ngazi za jengo refu, moja baada ya jingine, jasho likimtoka. Mpishi alitaka kumpokea.

"Usiguse," alimwambia. "Humu leo sipandi na mtoto wa mtu."

Gari la Idara likafika. Mkurugenzi alianza kushuka tumbo, kisha akafuata mwenyewe. Nyuma yake wakashuka msaidizi na dereva, na Darubini tayari kofia iko kichwani.

"Mbona watoto wako nje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Walisharuka asubuhi, mheshimiwa," Darubini alidakia. "Nilisimamia mwenyewe."

Asubuhi ile Darubini alikuwa kwa kinyozi. Kichwa kilikuwa bado kinanukia poda. Bi Kengele alimwangalia uongo ukimtoka laini kama mate. Darubini akanyanyua darubini, akahesabu kuta, akaishusha.

"Salama, mheshimiwa."

"Salama!" Mkurugenzi akawageukia wazazi, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, kwa kuwa harufu ya kuku ilikuwa imeshamfikia. "Wazazi, msisikilize maneno ya mitaani. Jengo hili ni imara! Jengo hili litawazika ninyi na wajukuu zenu!"

Alisita kidogo kungoja makofi. Makofi hayakuja.

"Karibuni chakula," alisema Bi Kengele.

Wageni wakazunguka ofisi kuelekea banda la mabati. Wakamkuta buibui peke yake. Wakarudi.

"Mwalimu, chakula kiko wapi?"

"Ghorofani, mheshimiwa. Darasa la sita." Akanyoosha kidole kule dirishani, ambako mvuke ulikuwa ukitoka. "Mtapata upepo, na wazazi nao wapate kuwaona wageni wao."

Mkurugenzi akaliangalia dirisha. Akauangalia ufa uliopita pembeni yake. Akamwangalia Darubini, na Darubini akaiangalia kamba ya kiatu chake.

"Mimi... goti langu hili halipendi ngazi," alisema Mkurugenzi.

"Tutakubeba!" Sauti ilitoka kwa fundi cherehani, baba wa mapacha wa darasa la sita, mtu mwembamba kama uzi wake. "Tuko wengi, mzee. Na kuku ni wa kuchoma."

Msaidizi naye akakumbuka ghafla kwamba tangu utotoni hali kuku, ingawa mwaka jana mifupa aliyoiacha ilitosha kumuunda kuku mpya.

"Shemeji," Bi Kengele aliita, "watangulie wenzako basi."

"Unajua kanuni, shemeji. Mtumishi haingii jengo lisilothibitishwa."

"Si umelithibitisha sasa hivi? Tumekusikia wote."

"Nimelithibitisha, ndiyo. Lakini uthibitisho haujafika ofisini. Unahitaji muda wa kukaa."

"Ukauke," akasema fundi cherehani. "Kama lipu."

Watu wakacheka, kicheko cha kukata tumbo, ila hakikudumu. Dereva alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa mtu wa njaa zake, hakuwa na cheo cha kulinda. Akavuka uwanja, akafika ngazini, akaweka mguu wa kwanza. Akaweka wa pili. Kipande cha lipu kikadondoka kutoka juu, kikamwingia shingoni ndani ya kola. Akasimama, akainua macho, akakaa hivyo kama anayesoma kitu kilichoandikwa darini. Kisha akarudi taratibu hadi kwenye gari.

"Vipi?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Nina mke, bosi."

Fundi cherehani aliwatazama wanawe pale chini, mmoja akimsuka mwenzake nywele, akamtazama Mkurugenzi, akatema mate pembeni, mate mazito ya mtu aliyegundua alichokuwa akilishwa.

"Kwa hiyo wanetu wanaruka humo," alisema, "na ninyi hata kula hamwezi."

"Mwalimu!" Mkurugenzi aling'aka. "Teremsha chakula hicho!"

"Sikiteremshi, mheshimiwa. Anayeamini alichokisema atakifuata."

Hakuna aliyekifuata. Gari la Idara likaondoka na njaa yake, na wazazi hawakungoja amri ya mtu. Waume kwa wake waliingia mbio darasa la tano, wakapitisha madawati madirishani, wakayapanga chini ya anga. Ya darasa la sita waliyaacha huko juu na chakula chake. Fundi cherehani alikesha juma zima akiunga magunia, akashona turubai kubwa hivi kwamba mawingu mawili yalipotea njia. Chakula kililiwa na paka wa shule. Nao, walioona wanasema, walikula haraka haraka.

Jumatatu Bi Kengele alivuliwa ukuu kwa kosa la kuidhalilisha Idara kwa chakula. Akaletwa mkuu mpya, akaamuru watoto warudi ndani. Wazazi wakamwambia apande kwanza yeye, anywe chai huko juu, wao watafuata. Mpaka leo hajainywa chai hiyo.

Haukupita muda ardhi ikatikisika tena. Tetemeko lenyewe lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, vikombe havikucheza hata kidogo. Ilikuwa asubuhi, darasa la sita wakiwa chini ya magunia wanasoma kwa sauti. Jengo refu liliketi polepole, kama mzee anayetafuta kiti kwa mkono, kisha likakikosa. Vumbi lilipotulia palikuwa na kifusi, na katikati ya kifusi sufuria la wali likiwa bapa kama sahani. Hakuna mtoto aliyechubuka. Mjusi tu ndiye aliyepoteza makazi.

Bi Kengele alikuwa kwake, anachambua mchele, redio ilipomleta Mkurugenzi.

"Kutokana na usimamizi makini wa Idara," ilisema ile sauti, "hakuna hata mtoto mmoja aliyeumia. Tulichukua hatua mapema. Mkaguzi wetu wa eneo hilo tumempandisha cheo. Na jengo jipya atapewa mkandarasi yule yule aliyejenga la kwanza, kwa kuwa anakifahamu kiwanja."

Alizima redio. Akautazama ungo, akausogeza pembeni.

Jumapili Darubini akaja na mkewe, ndani ya gari jipya la cheo kipya. Bi Kengele alimpokea mdogo wake, akamwingiza ndani, akamkalisha mezani. Kisha akatoka na kiti, akakitua getini.

"Kaa hapo, shemeji."

"Getini? Shemeji, utani gani huu?"

"Nyumba yangu nayo ilitikisika. Haijathibitishwa, na wewe sasa ni mkubwa, siwezi kukuvunjia kanuni."

"Ah, shemeji! Njaa inaniuma."

"Chakula chako kile, mezani. Mlango nimeuacha wazi." Akamwonyesha. "Leta darubini."

Darubini alicheka peke yake, kicheko kikamfia mdomoni. Akanyanyuka nusu, akakutana na macho ya Bi Kengele, akaketi tena. Kule ndani, mkewe alikuwa amemsikia kila neno. Safari hii hakukohoa. Aliivuta kwake sahani ya mumewe, akalichukua paja, akaligeuzageuza mbele ya macho yake kama anayelikagua.

"Salama," alisema, akaling'ata.