Kipande cha Tatu

Watu wa Bunia waliposikia kwamba tunakata vitabu kwa kisu, walitutazama kama wachawi. Lakini ungefanyaje? Mwaka ule wa 2003, mji wetu ukiwa katikati ya vita, riwaya moja ikifika mjini ilikuwa imeshapita vizuizi visivyohesabika, na sisi wasomaji tulikuwa wanne. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kungoja mwenzake amalize kurasa mia tatu huku risasi zikilia. Kwa hiyo Bruno, fundi viatu wa mtaa wa Bigo, alikuwa anaipasua riwaya mgongoni kwa kisu chake cha kukatia ngozi, anaigawa vipande vinne, kisha anashona kila kipande kwa uzi wa viatu na kukivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Mmoja akimaliza kipande cha kwanza anampa wa pili, naye anachukua kinachofuata.

Sheria tulikuwa nazo, na mimi ndiye niliyezitunga, maana nimefundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita na siwezi kukaa mahali pasipo na sheria. Anayemaliza kipande anaandika maoni yake kwa penseli upande wa ndani wa jalada. Tena, aliyetangulia hasemi neno la yaliyo mbele. Ukimwaga siri ya kipande ambacho wenzako hawajakifikia, unakaa mwezi mzima bila kusoma. Bruno alipata adhabu hiyo mara mbili, na mara zote mbili alinuna kama mtoto aliyenyimwa chakula.

Wengine wawili walikuwa mke na mume: Martine, mshonaji wa nguo, jirani yangu kule Rwambuzi, na Tharcisse wake, aliyekuwa na shamba la maharagwe Marabo. Kwao Tharcisse ni watu wa ng'ombe. Bruno ni wa jamii za wakulima wa Djugu. Siku hizo, mjini kwetu, watu wa pande hizo mbili walikuwa wameacha hata kusalimiana. Lakini Bruno na Tharcisse walikaa benchi moja, kibandani kwa Bruno, kila Jumamosi saa tisa, wakigombana juu ya watu wasiokuwepo duniani, nami nilimshukuru Mungu kwa ugomvi huo.

Riwaya ya mwezi wa tatu ilikuwa ya Kifaransa. Kijana anatumwa na mama yake kupeleka ng'ombe wao wa pekee mnadani, ili dada yake apate kusoma. Anaondoka na ng'ombe, harudi. Kipande cha pili kinaishia hapo.

“Huyo ni mwizi,” Martine alisema, hata kabla hajaketi vizuri. “Amekula gombe ya mama yake. Banaume ni vile.”

“Ngoja kwanza,” mumewe akamjibu. “Kitabu haiyaisha, weye umeshamufunga.”

“Unamutetea juu munafanana. Mi nikikutuma mafuta, unarudi na gazeti.”

Tulicheka mpaka Bruno akaangusha nyundo. Alipoiokota alisema lake: “Miye naona mwandishi mwenyewe hajui gombe. Gombe gani inatembea siku tatu bila kunywa mayi? Huyu ni mutu wa mjini, anatudanganya.”

Mimi nilimlaumu dada. Anakaa dirishani kurasa arobaini akilia, badala ya kufunga kanga yake na kwenda kuuliza njiani. Niliwaambia mtu asiyeuliza hana haki ya kulia. Nilisema kwa sauti ya darasani, kama kawaida yangu, na hakuna aliyenibishia.

Zamu ya kipande cha tatu ilikuwa ya Tharcisse. Alikitia ndani ya shati, akafunga vifungo, akamwambia mkewe: “Ntakuletea jibu.” Jumatatu alienda Marabo kutazama maharagwe yake. Jumamosi iliyofuata hakurudi, wala ile nyingine. Kipande cha nne kilibaki kwa Bruno, ndani ya sanduku la gundi na misumari, maana hakuna anayeruka kipande.

Martine alingoja, na watoto wake wawili, Gaël na Plamedie, wakangoja naye. Kila asubuhi alikuja kwangu kuchota maji, maana bomba lake lilikuwa limekauka, na kila asubuhi alisema maneno yale yale: njia imefungwa tu, Baba Gaël yuko kwa watu, atakuja na kitabu chetu.

Katikati ya mwezi wa nne, saa ya kuchota maji ikiwa imekaribia, mwanamke nisiyemjua alibisha mlangoni. Miguu yake ilikuwa imevimba, mgongoni ana mtoto. Alisema anaitwa Gracieuse, ametoka Marabo kwa miguu na wenzake, wamelala kanisani. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

“Ni weye Madame Véronique? Jina yako iko hapa.”

Kilikuwa kipande cha tatu. Kwenye kila jalada niliandika kwa mkono wangu: *Mali ya Madame Véronique, Rwambuzi, nyuma ya kanisa. Kikipotea kirudishwe.* Ualimu huo. Pembe moja ilikuwa imeingia damu, imekauka, imekuwa nyeusi.

“Ilikuwa mu shati yake,” Gracieuse alisema. “Siye ndio tulimuzika. Yeye na bengine babili. Nilisema, mwenye kitabu anaweza kuwa anamujua.”

Nilisikia ndoo ya Martine inagongana na lango lake. Nilimtilia Gracieuse unga kikombe kimoja kwenye kitambaa chake, nikamshika bega, nikamtoa kwa mlango wa nyuma. Alikuwa bado anasema. Nilimwambia asante, mama, asante, nenda, na nikafunga. Martine alipoingia, kipande kilikuwa chini ya godoro na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba kama mwizi.

“Kuna habari?” aliuliza.

“Hakuna,” nikasema.

Nilijidanganya kwamba namhurumia. Nitamwambia kesho, nilisema, akiwa amekula. Nitamwambia Jumapili, Bruno akiwepo. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Watoto arobaini darasani sikuwahi kuwaogopa, nikamwogopa mwanamke mmoja mwenye ndoo.

Nilifungua jalada siku ile ile. Ndani, kwa penseli, Tharcisse alikuwa ameandika maoni yake, kwa Kiswahili kama alivyozoea: *Nilisema mungoje. Kaka si mwizi. Martine, utaniomba pardon.* Basi alikimaliza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikisoma. Nilikisoma asubuhi tatu mfululizo nikichochea maharagwe jikoni, na kilikuwa kizuri, na niliona haya kwa sababu kilikuwa kizuri.

Mwishoni mwa mwezi wa nne ikajulikana kwamba Waganda, wanajeshi walioushika mji, wanaondoka na mji utabaki bila mwenyewe. Rebecca, dada yake Martine, alipata nafasi kwenye lori la kwenda Kasenyi, na kutoka hapo boti ya kuvuka ziwa. Nafasi ilikuwepo ya Martine na watoto wote wawili. Rebecca alikuja kwangu akalia: “Madame, yeye anakusikilizaka weye. Mwambie apande.”

Nilikwenda. Martine alikuwa anashona, hakuinua kichwa. “Baba Gaël akikuya akute nyumba tupu?” alisema. “Weye ungeenda?”

Hapo ndipo. Kama kuna saa moja ya maisha yangu ningeomba kurudishiwa, ni hiyo. Neno lilifika kwenye meno. Nikasema, “Pengine ungoje kidogo.” Lori liliondoka kesho yake bila yeye. Wiki ile ile njia ya ziwani ikafungwa.

Jumapili zote hizo, mwisho wa misa, Martine alitushika mikono, mimi na Bruno, tukamwombea Tharcisse arudi salama. Bruno aliitika kwa sababu hakujua. Mimi niliitika pia.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano tulikutana kwa Bruno, watatu tu. Risasi zilisikika upande wa uwanja wa ndege. Hatukuwa na kipande kipya cha kusoma, lakini nyumbani ilikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo tukarudia ya zamani. Bruno akasema anaanza kumhurumia yule kijana wa ng'ombe. Martine alikuwa amekonda, macho makubwa, na hasira yake yote ya kungoja akaimwaga hapo.

“Kumuhurumia nini? Mwizi ni mwizi. Mama iko analala njaa, yeye iko anakula gombe. Mutu anayependa batu bake, anarudi. Hata kwa magoti, anarudi.”

Sikuvumilia. Niliyaona akilini yale maandishi ya penseli, nikaona Tharcisse anatukanwa naye hana mdomo wa kujibu. Ualimu ukanipanda kichwani.

“Usimhukumu bure!” nilisema. “Wanajeshi walimnyang'anya ng'ombe pale darajani! Miaka miwili anabeba matofali ili apate mwingine. Angerudi na nini mikononi?”

Bruno alitabasamu, akainua kidole kunionyesha sheria yangu mwenyewe. “Madame! Mwezi muzima bila—” Kisha tabasamu likaisha usoni pake.

Martine alinitazama. Alikuwa msomaji mzuri kuliko sisi wote. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

“Hiyo daraja haiko mu kipande ya pili,” alisema polepole.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa wiki tatu.

“Kipande ya tatu iko kwa bwana yangu,” alisema. “Weye uliisoma wapi?”

Niliwaambia. Sikumbuki kwa maneno gani. Nakumbuka Bruno alivua kofia. Martine hakulia. Alisimama, akatembea mbele yangu kutoka Bigo mpaka Rwambuzi, njia nzima bila kugeuka, watu wakikimbia na magodoro kichwani kutupita pande zote mbili, nami nikimfuata nyuma kama mtoto anayepelekwa nyumbani kuadhibiwa. Aliingia chumbani mwangu, akaketi kwenye kiti changu, akanyoosha mkono. Nilikitoa chini ya godoro nikampa.

Hakufungua kurasa. Alifungua jalada akasoma ile mistari. Alipitisha kidole kwenye jina lake, taratibu, akiogopa penseli isifutike. Halafu akasoma tena kwa sauti, “utaniomba pardon,” akacheka pumzi moja, na kicheko hicho kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Nilitaka kumshika. Aliniwekea kiganja kunizuia.

“Tangu siku gani?”

“Wiki tatu.”

Alihesabu. Niliona anahesabu: asubuhi za maji, lori la Rebecca, misa. “Mi nilisema Mungu amurudishe,” alisema, “na weye ukajibu amina.”

“Nilikosa, mama. Nilikosa sana.”

“Watoto yangu bangekuwa ng'ambo leo.”

Nje mtu alipita akipiga kelele kwamba watu waende kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa. Martine alikunja kipande, akakitia ndani ya blauzi yake, akafunga vifungo. Alifika mlangoni, akasimama. Alipogeuka, hasira ilikuwa imemwacha. Lilibaki ombi tu, na hilo ndilo lililonimaliza.

“Bale bote bamekufa njiani, familia zao hazijui bako wapi,” alisema. “Mi niko na bahati. Yeye alizikwa na batu. Siku moja vita itaisha, ntabeba Gaël na Plamedie, tutaweka musalaba. Uniambie tu, Madame. Balimuzika wapi?”

Nilimwona Gracieuse na miguu yake iliyovimba, kinywa chake wazi, bado anasema, na mkono wangu begani pake ukimsukuma nje. Yeye na wenzake walikuwa wameshahama kanisani siku kumi kabla, hakuna aliyejua wameelekea wapi.

“Sikuuliza,” nikamwambia.