Turubai la Kiti cha Nyuma

Gari lilipoingia uani, pacha walilizunguka wakirukaruka. Halikuwa jipya, lakini viti vyake vyeupe kama maziwa vilionekana kama havijawahi kukaliwa. Baba yao, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Kioo kwa kupenda usafi, alisimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Wenye mikono ya juisi watatembea kwa miguu," alisema.

"Wanao mwenyewe?" mkewe akamuuliza. "Kwani umenunua gari au pambo?"

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na maneno matupu hayakuwa kazi yake. Kesho yake alikata turubai zito, akalishonea blanketi kuukuu kwa chini lisiteleze, akaacha matundu ya mikanda. Upande mmoja aliufunga kwenye viegemeo vya kichwa vya mbele, wa pili kwenye vya nyuma. Kiti chote kikawa kama beseni: makombo, matope, juisi, hakuna kitakachopenya.

"Haya, waje sasa na balaa lao," alisema.

Kioo alikuwa bado analivutavuta turubai, akitafuta kasoro, simu ilipolia. Alikuwa dada yake, mjamzito, ambaye siku zake zilikuwa hazijatimia.

"Kaka, njoo. Uchungu umenishika."

Pacha waliachwa kwa jirani huku wakilia kwamba gari ni lao. Dakika chache baadaye dada mtu alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa wifi yake, na Kioo anapiga honi kila kona.

"Jikaze, wifi, tunakaribia."

"Mimi najikaza. Mwambie huyu aliye tumboni."

Walicheka wote wawili, kisha kicheko kikakatika. Walipofika lango la hospitali, mkunga alikuja mbio, akafungua mlango, akapiga magoti juu ya turubai. Hapakuwa na muda wa machela. Kioo aling'ang'ania usukani, macho mbele, mpaka aliposikia kilio chembamba nyuma yake.

"Wa kike," mkunga alisema. "Na mapafu anayo."

Kioo aliachia usukani. Akabaki palepale, akijifuta machozi kwa mkono wa shati lake safi, na viti hata havikumjia akilini. Mkewe ndiye aliyelifungua turubai jioni ile. Chini yake palikuwa pakavu.

Siku ya kwenda kumchukua mzazi na mtoto, turubai lilikuwa limefuliwa na kurudishwa mahali pake. Kioo mwenyewe aliwafungulia pacha mlango, chupa za juisi mikononi mwao.

"Na viatu, baba?"

"Na viatu. Pandeni, tunachelewa."

Akawafunga mikanda. Njia nzima walibishana nani atambeba mtoto kwanza, wakirusha miguu na kumwaga juisi, naye akaendesha bila kugeuka nyuma, akiwaambia shangazi yao ndiye atakayeamua.